Niliyojifunza kwa Kuandika Mji wa Wakulima Chini ya Dola

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika riwaya ya fantasia inayohusu Likwaju, mji mdogo wa wakulima uliojengwa kwenye miteremko ya vilima, mwendo wa siku nne kutoka baharini. Likwaju haupo kwenye ramani yoyote. Mizimu yake huonekana mchana, na wazee wake huzungumza na mbegu kabla ya kuzifukia. Juu ya mji huo ipo Dola, ambayo makao yake makuu hakuna mkazi wa Likwaju aliyewahi kuyaona, na Dola hiyo inataka kwao kitu kimoja, nacho ni mzari, mmea unaotoa nyuzi zinazong'aa gizani, ambazo huko zinakopelekwa hufumwa kuwa mavazi ya wakubwa. Mzari hauliwi na mtu wala mnyama. Mengi niliyojifunza kuhusu namna ya kuuandika mji huu yametoka katika ardhi niliyokulia, upande wa bara wa Kilwa, na nayaeleza hapa kwa ajili ya wenzangu wanaotunga hadithi za namna hii kwa Kiswahili.

Hadithi nyingi za aina hii hufunguliwa na askari: farasi wanaingia kijijini, nyumba zinachomwa moto, kijana mmoja ananusurika na kuapa kulipa kisasi. Mimi nilichagua kuanza na kalenda ya kilimo. Kabla sijampa jina mtawala yeyote, niliandika mwaka mzima wa kaya moja ya Likwaju, tangu kufyeka na kuchoma, kupanda kwa mvua za kwanza, palizi ya kwanza na ya pili, kuamia ndege, kulinda usiku, hadi kuvuna, kupura na kupandisha mavuno uchagani juu ya meko. Nilitaka kujua kila mwezi nani yuko wapi na ameshika nini mkononi, kwa sababu ikiwa hujui mtu anafanya nini wakati wa palizi, huwezi kujua anapoteza nini anapoitwa na wakubwa wakati huo.

Katika kalenda hiyo, kazi niliyoipa nafasi kubwa kuliko zote ni ulinzi wa usiku, kwa kuwa nimeifanya tangu utotoni. Dungu letu lilikuwa jukwaa la miti lililoezekwa makuti, na chini yake tulikoka moto wa magogo ambao haukuruhusiwa kuzimika hadi alfajiri. Baba alining'iniza debe bovu kwenye mti ulio katikati ya shamba, akafunga humo kipande cha chuma, na kamba yake ikaletwa hadi dunguni, mahali ambapo mtoto aliyelala angeweza kuivuta bila kuinuka. Nguruwe pori haji kwa kishindo. Husimama pembezoni akanusa, kisha unasikia bua moja likivunjika, na ukikaa kimya yanafuata mengine mengi. Mahindi yanapoanza kukomaa, nguruwe hupoteza hofu kabisa: unaweza kupiga debe, ukarusha kijinga cha moto, naye akasogea hatua chache tu na kuendelea kula. Mtu mzima mwenye mkuki na mbwa ndiye anayeweza kumwondoa. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kwa urahisi, hasa gizani, na familia isiyo na mtu wa kukesha huweza kulala na shamba la chakula cha miezi kadhaa na kuamka na mabua.

Nililolijua kwa mwili wangu nililikuta baadaye katika historia. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania kukusanya simulizi za wazee walioikumbuka Vita ya Maji Maji, ambayo watu wa kusini walipigana na watawala wa Kijerumani mwaka 1905 hadi 1907. Mzee mmoja wa Umatumbi, nchi ya vilima upande wa bara wa Kilwa, akieleza kwa nini watu walikasirika, hakuishia kwenye viboko, ingawa alivitaja kwa uchungu mkubwa. Alieleza zamu. Kila kijiji kilipangiwa siku za kwenda kulima pamba kwenye shamba la Samanga, na ukitoka huko ilikusubiri zamu nyingine kwenye shamba la jumbe, yaani mkuu wa kijiji, na siku hizo ziliangukia majira yale yale ya nguruwe na ndege, wakati ambapo mwanamume alitakiwa kukesha shambani kwake na kufyeka sehemu ya mahindi ya mkupuo wa pili. Juu ya hayo yote, alisema, Mjerumani bado alitaka kodi. Niliposoma maelezo hayo nilielewa kwamba mzee huyo alikuwa akitoa ushahidi wa mkulima, na kwamba ndani yake mlikuwa na kila nilichohitaji ili kuielewa Dola yangu.

Katika mashamba ya jumuiya yaliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, yakianzia wilaya ya Dar es Salaam na kuenea kusini, mkazi alitakiwa kufanya kazi ya pamba kwa siku 28 kwa mwaka. Siku 28 ukizitazama kwenye karatasi ya ofisini ni chache. Mtawala anaweza kuapa kwa dhamiri safi kwamba amemwachia mkulima sehemu kubwa ya mwaka wake. Lakini mwaka wa mkulima haugawanyiki hivyo, kwa maana siku kumi za palizi zina uzito kuliko miezi miwili ya kiangazi, na mvua za kwanza hazimngoji mtu arudi kutoka zamu. Tangu hapo, kila ninapoandika amri ya Dola, huiandika ikiwa amri yenye sura ya wastani, hata ya huruma, halafu naishusha kwenye kalenda ya Likwaju na kutazama imeangukia wapi.

Sura ya tano ya riwaya yangu haina askari hata mmoja. Mume wa Nambela anaitwa kwenye shamba la mzari katika juma ambalo mahindi yao yameanza kukomaa. Nambela anabaki na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Anakoka mioto mitatu mahali mbalimbali ili shamba lionekane kuwa na watu wengi, anatembea kutoka moto mmoja hadi mwingine akizungumza kwa sauti mbili tofauti, anaimba, anapiga debe, na usiku wa nne usingizi unamshinda akiwa ameketi. Niliiandika asubuhi yake kwa kurasa nyingi: mahindi yaliyolazwa mstari kwa mstari, magunzi yaliyotafunwa nusu na kuachwa, nyayo zilizojaa maji, mtoto mkubwa akiokota punje moja moja na kuziweka kwenye kibuyu. Mume anaporudi, ana alama ya chokaa begani kuonyesha kwamba zamu yake imekamilika. Baada ya mavuno anafika mhesabu milango, kwa kuwa Dola haitozi kodi kwa magunia uliyovuna bali kwa nyumba unayolalia, na nyumba ya Nambela ina mlango mmoja sawasawa na ya jirani aliyevuna. Hilo nalo sikulibuni. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, kila nyumba ya kijijini ilidaiwa kiasi kilekile, na kiwango kilichozoeleka kilikuwa rupia tatu, iwe mwaka ule mvua imenyesha au haikunyesha. Wasomaji wa mwanzo wa mswada wangu waliniambia kwamba sura hiyo iliwakasirisha kuliko ile ya kunyongwa kwa wazee, nami nakubaliana nao.

Dola nayo inahitaji sababu. Mtawala mwovu anayetesa watu kwa kupenda tu kutesa hufaa kwenye hadithi fupi ya watoto. Katika riwaya ndefu anachosha upesi. Ujerumani ilitaka pamba kwa sababu viwanda vyake vya nguo vilitegemea sana pamba ya Marekani, na wenye viwanda waliona hatari ya kutegemea muuzaji mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Uholanzi ilipoanzisha kilimo cha lazima katika kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, mwaka 1830, vijiji vikitakiwa kutenga takriban sehemu moja ya tano ya ardhi kwa miwa, nili na mazao mengine ya kuuzwa Ulaya, hazina yake ilikuwa imekaushwa na vita. Na miaka ya 1849 na 1850 njaa iliua watu wengi katika wilaya za Demak na Grobogan, kwenye kisiwa hicho chenye rutuba ya kupigiwa mfano. Kwa hiyo Dola ya riwaya yangu ina madeni. Ina wafumaji wanaogoma, ina mpinzani anayepandisha bei ya nyuzi, na ofisa anayetia saini amri ya zamu ni mtu mpole anayewaandikia watoto wake barua kila juma. Upole wake haupunguzi dhuluma, na nimehakikisha kwamba hakuna sura inayomsamehe kwa sababu ya barua hizo.

Jambo lililonigharimu usingizi zaidi ni la watu wa katikati. Wajerumani walikuwa wachache mno kuweza kusimama kwenye kila shamba, hivyo waliwatumia maakida, yaani wasimamizi wa maeneo, wengi wao watu wa pwani wenye kusoma na kuandika, pamoja na majumbe wa vijiji. Lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili, lugha hii hii ninayoitumia kuandika riwaya. Mmatumbi wa mwaka 1904 aliposikia amri ya kwenda Samanga, yumkini aliisikia kwa Kiswahili safi kutoka kwa mtu aliyevaa kanzu. Sisi waandishi wa Kiswahili tumezoea kuionea fahari lugha yetu, nami naionea fahari, ila naamini kwamba anayeandika kuhusu dola na wakulima kwa lugha hii anapaswa kulibeba jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo mpimaji wa Likwaju, anayesimamia mizani ya mzari, anazungumza kwa ufasaha kuliko wahusika wote. Ana mashairi na methali. Anawaita wazee kwa heshima zao zote, na anawapimia lumbesa. Mkulima yeyote wa Tanzania anaijua lumbesa, gunia linalojazwa hadi kuongezewa kichwa kwa kamba huku likihesabiwa kuwa gunia moja, na nimeona mwenyewe wazazi wetu wakilitazama gunia la namna hiyo likifungwa mbele yao, wakikokotoa kimyakimya kilo zilizopotea, kisha wakipokea fedha kwa mikono miwili kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Mpimaji naye hupigwa viboko hesabu isipotimia. Nilikuta hilo pia katika kumbukumbu za wazee, kwamba akida au jumbe aliyekosea alichapwa kama wengine, na limenisaidia kumwandika kama mtu anayeogopa, ambaye hofu yake anaihamishia kwa waliokaa chini yake.

Nije sasa kwenye uchawi, maana riwaya ya fantasia bila huo si fantasia. Nilipoanza nilikuwa na orodha ndefu ya maajabu, na nimeyafuta mengi. Kilichoniongoza ni historia ya yale maji yaliyoipa Vita ya Maji Maji jina lake. Shuleni tulifundishwa kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na mzimu wa Hongo mwaka 1904, aliwapa watu dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na somo likaishia hapo, huku baadhi ya wanafunzi wakicheka. Kicheko hicho kinaniuma hadi leo. Dawa ile ilikuwa maji yaliyochanganywa na mahindi na mtama. Muda mrefu kabla ya vita watu walikuwa wakienda kwa mzimu Bokero, kwenye mto Rufiji, kutafuta mvua na heri ya mazao. Maana yake ni kwamba dawa iliyowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo ilikuwa na asili yake shambani, ikimhusu mkulima na mbegu na mawingu, kabla haijaombwa kumkinga mtu na bunduki. Wapiganaji walielekea vitani wakiwa wamefunga mabua ya mtama kwenye paji la uso. Walibeba vitani nembo ya kile walichozuiwa kukilima kwa wakati wake.

Kwa sababu hiyo, kila ajabu la Likwaju limefungwa kwenye ukulima. Mizimu haitoi mapanga ya moto. Inajua mbegu ipi itaota, inaweza kuzuia ndege kwa alfajiri moja, inaweza kuita wingu, na kila inapofanya hivyo inadai sehemu ya mavuno. Wazee wanapoiomba iwakinge na silaha za Dola, wanaiomba jambo lililo nje ya ujuzi wake, nayo inakubali kwa huruma, ikijua kwamba haliwezi. Kwangu hiyo ndiyo sura ya huzuni kuliko zote, na niliiandika nikiwakumbuka waliolikabili boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, ambako bunduki za rashasha ziliwamaliza watu waliokuwa wameamini kwa moyo wote. Sikutaka msomaji awaone kuwa wajinga. Watu waliofika Ngarambe kwa maelfu walipata huko kitu ambacho utawala ulifanya kila juhudi kukizuia, yaani waliketi pamoja watu wa makabila mengi na kukubaliana kwamba wana adui mmoja, na mwaka ule hapakuwa na njia nyingine ya kulifanya hilo.

Vita yenyewe ilianza kwa tendo la kilimo. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, wazee waliosubiri ishara kutoka Ngarambe bila kuipata waliingia shambani na kung'oa miche ya pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini moto ulikwisha kusambaa. Nimejiuliza mara nyingi ni mwandishi gani wa fantasia angethubutu kuanzisha vita yake kuu kwa mche uliong'olewa, tena kwa mikono mitupu, pasipo upanga wala unabii wa kale. Mimi nimethubutu, kwa sababu lilitokea. Mkulima aliyefundishwa tangu utoto kwamba mche ni amana anapoung'oa kwa makusudi, amefanya jambo zito kuliko kumpiga askari, na katika Likwaju mikono ya wazee inatetemeka wanapoushika mzari, ingawa wanauchukia.

Kuhusu mapigano nitasema machache, kwa kuwa hayakuwa ndiyo yaliyoua wengi. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani alimwandikia gavana wake kwamba kwa maoni yake njaa na dhiki pekee ndizo zingeleta utii wa mwisho, na kwamba vita peke yake ni kama tone baharini. Mashamba na maghala yalichomwa, na watu wakazuiwa kupanda. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi wakiwa wameuawa na njaa. Maeneo makubwa yaliyokuwa na vijiji yakarudi kuwa pori, na tembo wakapita mahali palipokuwa na viwanja vya kupuria.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba riwaya yangu inahitaji sura ya mbegu. Nyumba ya Nambela imefichiwa kibuyu kimoja cha mtama pangoni, punje za kupanda ekari moja, na watoto wana njaa leo. Wale nini? Niliiandika sura hiyo kwa namna mbalimbali, na katika toleo lililobaki Nambela anampikia mtoto mdogo nusu ya kibuyu, mtoto huyo anapona, na nusu iliyobaki inapandwa mahali ambapo nguruwe sasa ni wengi kuliko watu. Yeyote aliyewahi kushika mbegu ya mwisho ya nyumba yake, hata katika ukame wa kawaida wa zama hizi, anajua kwamba uamuzi huo hauna upande ulio sahihi, nami sikumtafutia Nambela upande huo kwa uchawi.

Wasomaji wengi wa mswada wanataka Dola ianguke mwishoni. Naielewa kiu hiyo. Hata hivyo Wajerumani hawakuondolewa na Maji Maji. Waliondoka kwa vita ya 1914 hadi 1918, na Waingereza waliowafuata waliendelea kutoza kodi ya nyumba. Lakini si kweli pia kwamba damu ile haikubadilisha kitu. Baada ya vita alikuja gavana mwingine, Albrecht von Rechenberg, na ile mipango ya mashamba ya jumuiya ya kulima pamba kwa zamu ikaachwa. Aliona ni afadhali mkulima alime kwake na auze. Nimelipeleka jambo hilo Likwaju. Ofisa mpya anawaita waliosalia chini ya mkwaju, anawaambia kwamba zamu zimefutwa, kila mtu atapanda mzari wake na atalipwa, na anauliza wanataka bei gani. Wanaume wananyamaza. Nambela anamjibu kwamba kabla ya bei wanataka kwanza wakubaliane miezi: hakuna kuitwa na hakuna kupima katika miezi ya kupanda, palizi na kulinda. Mashauriano hayo, yenye hoja za mvua, nguruwe, ndege na umbali wa mizani, ndiyo ninayoyaandika sasa, na nimeyapangia kurasa nyingi kuliko vita yote.